Zumaridi Haichemshwi

Tarehe 9 Machi

Kwa Bi Mkubwa,

Shikamoo Bibi. Hujambo? Presha inasemaje, na yale magoti yameacha kugombana na ngazi? Mimi mzima kabisa. Chumba nimepata. Kitanda kinalalamika kila nikigeuka, lakini ni changu peke yangu. Ningekupigia, ila najua simu na masikio yako walishapeana talaka.

Sasa Bibi, wewe ni mtu wa namna gani? Leo ndipo nimefika kwenye zile soksi za sufu ulizonilazimisha kubeba. Nimeingiza mguu, nimekanyaga kitu kigumu, nikadhani kokoto. Kumbe pete! Pete yako ya kijani, ile uliyokuwa ukitukataza hata kuinyooshea kidole. Nimekaa sakafuni na soksi moja mguuni nikalia kama mjinga. Niambie basi: umenipa, umenikopesha, au umeificha kwangu?

Na jambo la pili. Limeingia vumbi la sufu chini ya jiwe. Unajua kazi yangu hapa hospitali ni kutakasa vyombo vya upasuaji. Tuna mashine moja, unatumbukiza mkasi ulioganda damu, maji yanatetemeka kwa mlio wa mbu na uchafu unatoka wenyewe. Baadaye kuna tanuri la mvuke. Nilitaka kuiingiza pete humo ing'ae kama siku uliyoivaa mara ya kwanza. Mwenzangu wa zamu amenishika mkono, kasema nimuulize mwenye mali kwanza. Basi nakuuliza.

Mimi mjukuu wako,
Bi Mdogo


Tarehe 30 Machi

Kwa mke mwenzangu, Bi Mdogo,

Marahaba. Mimi sijambo, presha nayo haijambo, tumezoeana kama majirani wabaya. Barua yako nimeisoma nikiwa nakunywa chai, na nilipofika kwenye hiyo mashine chai imenipalia.

Ukithubutu! Nasema tena, ukithubutu! Na huyo mwenzako wa zamu mnunulie soda kwa niaba yangu.

Hiyo ni zumaridi, mama. Ishike mbele ya mwanga uitazame ndani, utaona vijistari kama mizizi ya mchicha. Hizo ni nyufa. Zumaridi karibu zote huzaliwa nazo, na yako inazo kuliko nyingi. Nilizinywesha mafuta mepesi yasiyo na rangi, na hayo mafuta ndiyo yanayokufanya uone kijani kitupu badala ya nyufa. Mashine yenu itayatikisa yatoke, mvuke utayakausha, jiwe litapauka litoke mistari myeupe, na likiamua kukukomoa litapasuka vipande viwili. Ile spiriti mnayojipaka mikononi ni adui yake. Sabuni ya unga ni adui yake. Jua la dirishani ni adui yake, na joto la jiko pia. Ukiwamaliza maadui hao, wanabaki ndugu.

Ukitaka kuiosha, chukua maji ya uvuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto mchanga, na kitambaa laini. Pangusa, usisugue. Kausha kivulini, basi. Usiiweke kisanduku kimoja na almasi wala yakuti, kama siku moja utabahatika kuwa navyo, maana hivyo ni vigumu kuliko yenyewe na vitaichubua. Ifunge pamba peke yake. Ukitoka, ivae mwisho, baada ya manukato. Ukirudi, ivue kwanza. Kazini usiende nayo. Na siku ukiona inaanza kupauka usijitie ufundi, niletee mwenyewe niinyweshe mafuta mapya.

Nimekupa. Sikukukopesha, sikuificha. Soksi zilikuwa za kumkwepa baba yako mkubwa, Mwenyekiti wetu, basi.

Ni mimi,
Bi Mkubwa


Tarehe 21 Aprili

Kwa Bi Mkubwa,

Shikamoo Bibi. Natumai u mzima. Mimi mwili mzima, moyo ndio unadunda ovyo.

Nimefanya ujinga. Nilipiga picha na wenzangu wa zamu siku ya mapumziko, mkono begani, pete kidoleni, nikawatumia ndugu zangu huko nyumbani wanione nilivyonenepa. Hakuna aliyeona unene. Jioni ile ile Mwenyekiti kanipigia.

Bibi, jina hilo umempa wewe na limemkaa. Alifungua kikao kwenye simu! Akanisalimia, akaniuliza afya, akasema kuna ajenda moja tu. Kasema hiyo ni pete ya marehemu Babu, kwamba Babu aliinunua kwa jasho lake akakuvisha, na kwa hiyo ni mali ya ukoo, na mali ya ukoo hukaa kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Kaka, mwanawe, anaoa mwezi wa kumi na pete itavishwa bibi arusi. Kasema mimi ni msichana, nitaolewa, nitaipeleka kwa watu. Nimuombe mtu anayesafiri, au niitume kwa posta.

Nami nikajibu, "Ndiyo Baba Mkubwa, ndiyo Baba Mkubwa," kama kasuku. Nilipokata simu nikajichukia. Yeye ndiye aliyenilipia karo baba alipougua, Bibi, na hilo nalijua na yeye anajua kwamba nalijua. Sasa nifanyeje? Kama kweli ni pete ya Babu, nani mimi niikatalie?

Mjukuu wako aliyechanganyikiwa,
Bi Mdogo


Tarehe 12 Mei

Kwa Bi Mdogo,

Marahaba, na pole kwa moyo. Mimi sijambo, nimekasirika tu, na hasira zinanipa nguvu za kushika kalamu.

Sikia nikueleze, na ukimaliza kusoma usimung'unye tena "ndiyo" mbele ya mtu yeyote.

Mume wetu, Mungu amlaze pema, alikuwa mwashi mzuri na mume mwema na mwongo wa kupendeza. Pete hiyo hakuinunua. Hakuwahi hata kujua inaitwa zumaridi mpaka nilipomwambia. Mimi nilikuwa mkata vito. Unaniona leo nachambua mchele na miwani miwili, lakini miaka yote ya ujana wangu nilikaa mbele ya gurudumu la kusagia mawe, mwanamke peke yangu kwenye karakana ya wanaume. Wenzangu walikuwa wakinipa mawe ya mazoezi hata baada ya mimi kuwafundisha wao.

Siku moja tajiri akatoa jiwe la kijani, rangi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona, akampa fundi mkuu. Fundi mkuu akalitazama, akaona nyufa, akasema hili limekufa, likigusa gurudumu litakuwa unga. Tajiri akalitupa kwenye debe la takataka. Nikamuuliza mbele yao wote, "Nikilitoa humo ni la nani?" Akacheka, akasema la atakayeweza. Nililikata jioni baada ya kazi, polepole, kila uso nikiufikiria kabla ya kuugusa, nikizifuata zile nyufa zinavyotaka badala ya kupigana nazo. Fundi mkuu alipoliona limekamilika aliniamkia. Sonara wa jirani akalivika fedha.

Babu yako alipoulizwa na rafiki zake, akasema, "Nimemnunulia mke wangu." Nikamwacha. Alikuwa na raha kusema vile, na mimi sikuona hasara, pete si ilikuwa kidoleni kwangu? Nilimwachia maneno, sikumwachia pete. Sikujua kwamba maneno nayo hurithiwa.

Mwenyekiti amekuwa akija kila Jumapili na matunda, ananiita mama kipenzi, ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Jana nimemwambia wazi: pete ni yangu, nilimpa niliyemtaka, kikao kimefungwa. Hajaamini habari ya gurudumu. Anasema uzee unanitungia hadithi, na baba yako kanyamaza kama kawaida yake.

Ada alizokulipia ni za baba kwa mtoto wa mdogo wake. Mshukuru kwa mdomo, mshukuru kwa heshima, ukiweza mshonee na shati. Usimshukuru kwa kitu changu.

USIITUME.

Bi Mkubwa, mkata vito


Tarehe 2 Julai

Kwa Bi Mkubwa,

Shikamoo Bibi. Hujambo? Nauliza kwa kumaanisha, maana hii ni barua ya tatu na sijapata jibu hata la mstari mmoja.

Jana Baba Mkubwa kapiga simu. Kasema uliteleza bafuni ukaumia nyonga, na sasa uko nyumbani kwake unatunzwa, na barua zote zinapitia kwake ili usichoke. Nimemuuliza unalala chumba gani, dirisha liko upande gani, nani anakuogesha. Kanijibu, "Bibi yako yuko mikono salama," kisha akarudi kwenye ajenda yake.

Safari hii sikusema ndiyo. Nilisema, "Baba Mkubwa, nimekusikia." Najua si ushujaa mkubwa, lakini nilisema hivyo mara zote alizorudia, mpaka akakata.

Niandikie Bibi, hata jina lako tu. Pete nimeifunga pamba, iko salama.

Bi Mdogo


Tarehe 19 Julai

Kwa mjukuu wangu mpendwa,

Salaam nyingi. Mimi ni mzima wa afya njema na namshukuru Mungu. Baba yako mkubwa ananitunza vizuri sana, amekaa hapa hapa pembeni yangu ninapoandika, na ananisaidia kukumbuka mambo.

Nimetafakari na nimeona wazee wamesema kweli. Pete ile ni ya marehemu babu yako, aliyeinunua kwa jasho lake. Mimi sikuwahi kujua lolote kuhusu mawe. Kwa hiyo nakuagiza uirudishe kwa posta kabla ya harusi.

Baba yako mkubwa angependa ifike iking'aa, isije ikatutia aibu mbele ya wakwe. Kwa hiyo kabla ya kuituma, fuata mafunzo yangu yale yale niliyokufundisha. Iloweke kwenye spiriti usiku kucha. Asubuhi iingize kwenye ile mashine yenu inayotetemeka, halafu kwenye tanuri la mvuke. Ukiitoa ichemshe kwa sabuni ya unga, uianike juani. Ukiifunga, ichanganye na vito vigumu ili isipate upweke njiani. Uyafanye haya yote, na uitume, kwa moyo ule ule mmoja.

Baba yako mkubwa ameisoma barua hii na ameikubali kila neno.

Wako,
Bibi


Tarehe 8 Agosti

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo pia Baba Mkubwa, najua unasoma. Natumai nyonga inapona na wote ni wazima hapo nyumbani.

Barua yako niliipata, nikaisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nilitambua mara moja kwamba haya ni maagizo yako, maana hakuna mwingine ajuaye kulitunza jiwe lile namna hiyo. Nimetii kila neno kwa moyo ule ule mmoja.

Niliiloweka kwenye spiriti usiku kucha. Asubuhi niliiingiza kwenye mashine, halafu tanurini, halafu nikaichemsha kwa sabuni ya unga na kuianika juani kama ulivyoagiza na kama Baba Mkubwa alivyokubali. Nasikitika kusema kwamba jiwe halikustahimili. Lilipauka likawa kama kipande cha chupa ya zamani, kisha likapasuka. Vipande havifai kuvishwa mtu. Kwa hiyo hakuna cha kutuma.

Poleni sana na maandalizi ya harusi. Nimemshonea Baba Mkubwa shati kwa ajili ya siku hiyo, nimelituma kwa posta. Kama mabega yatabana aniambie.

Mjukuu wako mtiifu,
Bi Mdogo


Tarehe 30 Agosti

Kwa mke mwenzangu,

Marahaba! Hujambo? Mimi natembea kwa fimbo, na nyonga inaniuma nikicheka, kwa hiyo wiki hii imeniuma sana.

Barua yako Mwenyekiti aliifungua sebuleni mbele ya mkewe na bibi arusi mtarajiwa, akidhani ndani kuna risiti ya posta. Akaisoma kwa sauti ya kikao. Alipofika kwenye kupasuka, sauti ikakatika. Bibi arusi, mtoto wa watu asiyejua lolote, akauliza, "Jamani, nani alimwambia aichemshe?" Watu wote wakamgeukia Mwenyekiti. Nikatazama dari, maana ningetazama kwingine ningeangua kicheko.

Nilicheka mpaka jioni. Lakini jioni nikamkuta uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amelishika shati lako, analia. Mtu mzima, mvi hizo. Anasema, "Pete ya baba, mama. Nimeiua pete ya baba." Hakuwa akililia harusi. Alikuwa anamlilia baba yake kwa jiwe ambalo baba yake hakuligusa hata kwa kidole!

Hapo huruma na hasira vikanipanda pamoja, na hasira ikatangulia. Nikajiona nami mjinga. Kwa nini mali yangu iokolewe kwa hila kama mali ya wizi? Nilinyamaza miaka yote hiyo ili mwanamume mmoja afurahi, na sasa ninanyamaza tena ili mwingine asikasirike. Nimechoka.

Nikamwambia, "Kaa vizuri. Leo mwenyekiti ni mimi."

Nikamwambia jiwe liko hai, kwamba barua yake aliyonisimamia niliiandika kinyumenyume kwa makusudi, na wewe umenisoma sawasawa. Nikamweleza karakana, debe la takataka, fundi mkuu. Akaanza tena habari ya uzee kutunga hadithi. Nikamnyooshea mikono. Nikamwambia, hizi kucha mbili zimepinda tangu hujazaliwa, umewahi kuuliza kwa nini? Ncha za vidole hivi hazina alama, laini kama kijiko, ulidhani ni kufua? Ulikula kwa mikono hii, ukasoma kwa mikono hii, na leo unaniambia sijui lolote kuhusu mawe? Baba yako alijenga kuta, na kuta zake bado zimesimama, ukimtaka nenda kaziguse. Hili nililijenga mimi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na sasa umemjua aliyeunda.

Ameishika mikono yangu, ameigeuza, ameitazama muda mrefu. Akaingia ndani.

Kwa hiyo barua hii sijaifunga. Nampa mkononi, bahasha wazi, bila gundi, na nimemwambia aisome yote. Akiituma, ni mwanangu. Asipoituma nitaiandika upya kesho, na kesho kutwa, mpaka karatasi ziishe dukani.

Lakini wewe niambie ukweli, maana usingizi umenikimbia. Nilijua utanielewa. Nilijua! Ila usiku mtu hujiuliza: je, kama mtoto alitii kweli?

Bi Mkubwa, mkata vito, mama yake Mwenyekiti


Tarehe 20 Septemba

Kwa Bi Mkubwa,

Shikamoo Bibi. Mimi mzima, na wewe lala usingizi. Jiwe liko hai.

Nilipoisoma ile barua yako ya Julai nilifika kwenye spiriti nikashtuka, nikafika kwenye mashine nikaanza kucheka, na nilipofika "kwa moyo ule ule mmoja" nikaelewa kuituma nako ni katika yale ya kutofanya. Siku ile nilikuwa zamu ya mashine. Imefunguka mbele yangu, maji yanalia kama mbu, nami nikatumbukiza mikasi yangu na kufunga kifuniko. Pete ilikuwa nyumbani kwenye pamba. Jioni niliipangusa kwa maji ya uvuguvugu nikaivaa kwenda sokoni kununua vitunguu, kwa sababu nilitaka ionekane mahali.

Sasa nikuambie jambo. Barua yako ya Agosti ilinifikia imefungwa. Anwani ni mwandiko wa Baba Mkubwa, ule wa herufi kubwa kubwa, na gundi ameipaka pande zote mpaka nikachana bahasha kwa kisu. Upande wa nyuma, mahali pa jina la mtumaji, ameandika: "Kutoka kwa Mama, mkata vito." Nimeibandika ukutani juu ya kitanda.

Nimeomba likizo na nimepewa. Nakuja harusini. Sitakuja nayo kwenye soksi, nakuja nayo kidoleni, na nitaivua mlangoni kwako tu, maana naona upande mmoja imeanza kupauka kidogo. Andaa mafuta, na unikalishe karibu nione unavyofanya, ili siku nyingine niifanye mwenyewe.

Baba Mkubwa, kama barua hii umeifungua, shikamoo. Ahsante kwa karo, na kwa gundi. Nitakapofika utaniuliza jiwe limetoka wapi, nami nitakujibu mbele ya wakwe wote, kwa sauti. Lakini ingenipendeza zaidi ukinitangulia, ukasema mwenyewe.

Na kama hujaifungua, Bibi, msomee.

Mjukuu wako,
Bi Mdogo